Gazeti Mlangoni mwa Kinu

Mwalimu Fridah Nanyama alilisikia gazeti lake likisomwa kwa sauti sokoni Bungoma, na jambo la kwanza lililomjia lilikuwa furaha. Tumsamehe kwa hilo, hakuwa anajua.

Alikuwa karibu na reli akichagua nyanya, siku moja ya mwezi wa pili mwaka ule wa 2008 ambao wengi wetu tungependa kuuruka tukihesabu umri. Hatua chache kutoka hapo, fundi wa baiskeli alikuwa amekalia tairi kuukuu, ameshika karatasi ya fotokopi, na watu wamemzunguka kana kwamba anagawa kitu cha bure.

"Hii ni ile gazeti ya watoto wa shule ya Kwanza," fundi alikuwa akisema. "Hii haisemangi uongo bana. Ikisema kitu, jua wameenda wakaangalia na macho."

"Kweri kabisa," mzee mmoja akaitikia. "Si ndiyo ilifukuza yule daktari wa kuuza dawa kwa chupa ya soda?"

Ndiyo hiyo hiyo. Nanyama alifundisha bayolojia na kemia katika sekondari moja ya kutwa huko Kwanza, ng'ambo ya Kitale, na gazeti lile lilikuwa kazi ya mikono yake. Karatasi moja kubwa, iliyoandikwa kwa kalamu na wanafunzi wake, ikabandikwa kila Ijumaa kwenye mlango wa kinu cha Mbugua, mahali ambapo akina mama hupanga foleni na madebe ya mahindi na hawana la kufanya ila kusoma au kusengenya. Mle wanafunzi walieleza kwa nini maji ya kisima cha chini yana ladha ya chuma, kwa nini ndama wanakufa baada ya mvua za kwanza, na yule tapeli wa dawa anachanganya nini na nini. Sheria ya mwalimu ilikuwa kali: hakuna sentensi bila mwenyewe. Nani ameona? Nani amepima? Nani ameulizwa? Mwanafunzi aliyeandika "inasemekana" alirudishiwa karatasi yake hapo hapo.

Vurugu za baada ya uchaguzi zilipofunga shule, alirudi kwao Bungoma; basi nyanya mkononi, akasogea asikie watoto wake wameandika nini.

"'Unga wa Mbugua unaua,'" fundi akasoma. "'Nyumba tatu zimeugua wiki hii. Nyumba zote tatu zilisaga kwa Mbugua. Mtoto Viola Mukhwana, miaka mitano, alikunywa uji asubuhi, akatapika, akapigwa na kifafa, na kabla ya jua kuzama alikuwa amekufa. Tumewauliza mama wote watatu, kila mmoja peke yake. Wote wamesema unga ulitoka kinu kimoja. Mhariri, Kizito Mukhwana.'"

Halafu kijana mwenye kofia ya sufu akasema, "Si niliwaambia? Hawa watu tumeishi nao, kumbe wanatumaliza polepole." Na mwingine akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeulizia bei ya sabuni, kwamba huyo Mbugua achomwe na mashine yake.

Nanyama aliipokonya ile karatasi. Alijua mwandiko. Kizito Mukhwana alikuwa mwanafunzi wake bora kuliko wote, na Viola alikuwa dada yake mdogo, kitinda mimba aliyekuwa akija kumsubiri kaka yake nje ya darasa. Alitaka kulia kwa ajili ya mtoto yule, lakini hofu ilitangulia. Maana karatasi ile ilikuwa nzuri. Kila sentensi ilikuwa na mwenyewe. Kizito alikwenda nyumba kwa nyumba na msiba mabegani akafanya kila kitu alichofundishwa, na kama ingekuwa kazi ya darasani angepewa alama zote na kupigiwa makofi.

Kilichokosekana ni Beth. Beth Nyaruai, binti yake Mbugua, ndiye aliyekuwa mkaidi wa lile gazeti. Kila wakijikusanyia ushahidi na kuanza kushangilia, Beth huinua mkono: na wale ambao hawakuugua, wao walikula nini? Walimchoka. Kizito alimwita Mama Pingamizi. Lakini mwezi wa kwanza, nyumba za watu waliotoka upande wa Nyeri zilipoanza kuwaka, Beth na mama yake walikimbilia kambi ya hema huko Kitale. Mbugua peke yake alirudi, na alirudi kwa sababu majirani walikwenda kumbembeleza. Hakuna mwingine aliyeweza kuiamsha ile injini, na watu walikuwa wanatafuna mahindi ya kuchemsha kwa kukosa unga. Wakamwahidi hakuna atakayemgusa.

Nanyama aliacha nyanya.

Barabara ilikuwa imefunguka nusunusu. Alifika Kitale juu ya lori la kabichi, akiwa amejibu jina lake na la baba yake kwenye vizuizi ambako vijana wenye rungu waliinamia uso wake kutafuta kabila. Alijibu kwa Kibukusu, na wakampisha. Mmoja wao alikuwa na damu iliyokauka kwenye gambuti, na alikuwa anakula muwa. Jambo hilo lilimchukiza Nanyama kuliko hata ile damu, jinsi alivyokuwa anatema makapi kwa raha.

Kitale, mwenye pikipiki aliyeitwa Kemboi ndiye pekee aliyekubali kumpeleka Kwanza, tena kwa shingo upande.

"Madam, huko leo ni kubaya. Wanasema kuna mzee wa kinu, ati ni leo."

"Ndiyo maana nataka kufika."

"Wewe ni dada yake?"

"Mimi ni mwalimu."

Kemboi akamtazama kama mtu aliyejibiwa swali lingine, lakini akawasha.

Alimshusha mwanzoni mwa soko, kwenye lile duka la mbegu na dawa za mifugo lililovunjwa na kuchomwa wiki iliyotangulia, akageuza pikipiki bila hata kuzima. Nanyama alitaka kupita mbio. Kilichomsimamisha ni kuku. Kuku watatu wamelala mbele ya duka, miguu juu, na hakuna mbwa aliyewagusa. Pembeni yao, ndani ya matope, punje za mahindi zilikuwa zimekanyagwa, na punje zile zilikuwa na rangi ya waridi.

Kila mkulima wa Trans-Nzoia anayajua mahindi hayo. Ni mbegu. Hupakwa dawa ili wadudu wa udongoni wasiiguse, na dawa hutiwa rangi ili binadamu naye asiiguse. Nanyama alichokora majivu kwa kiatu akapata vipande vya mifuko ya kampuni, bado vinaonyesha fuvu na mifupa, na maandishi ya Kiingereza. Mifuko ilikuwa mitupu. Watu walimwaga mbegu kwenye magunia yao wenyewe hapo hapo mlangoni, ili chifu akipita asikute mfuko wa duka nyumbani kwa mtu. Lile fuvu la onyo waliliacha motoni, wakabeba sumu kwenda nayo jikoni.

Na njaa ilikuwa njaa. Mtu akiwa na gunia la mahindi yenye rangi, atafanya nini? Ataosha. Ataosha, ataanika, atapeleka kwa Mbugua.

Ndipo aliposikia ukelele. Ulikuwa wa mwanamume, na ulikatika katikati kama umezibwa.

Alikimbia. Uwanja wa kinu ulijaa watu, wengine juu ya ukuta, wengine juu ya miti ya msonobari. Alisukuma, akapigwa kiwiko cha mdomo, akasukuma tena. Mbele kabisa Mbugua alikuwa amepigishwa magoti kwenye kizingiti chake. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa na kuning'inia. Vijana wawili walimshika mikono nyuma, na wa tatu alikuwa anamjaza unga mkavu mdomoni kwa kiganja. Unga ulichanganyika na damu ukawa uji kwenye kidevu chake, na kila alipokohoa waliongeza.

"Kula! Si ni unga yako? Kula ushibe!"

Kando, Nyongesa, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye ndiye alijifanya kiongozi, alikuwa ameshika mtungi wa petroli. Na aliyekuwa anamlisha Mbugua ule unga, panga limebanwa kwapani, alikuwa Kizito.

"Kizito!"

Alisikia. Mkono wake ulisita. Alikuwa amekonda, na macho yalikuwa mekundu ya mtu ambaye hajalala tangu azike.

"Madam," akasema, tena kwa adabu kabisa. "Ulisoma? Niliandika vile ulitufundisha."

"Nimesoma. Haijaisha. Mwache mzee nikuonyeshe penye haijaisha."

"Mwalimu toka hapo!" mtu alipiga kelele. Jiwe lilimpiga Mbugua kifuani, jingine likampita Nanyama sikioni. Hakuwa mwanamke shujaa, wala sitaki kumfanya shujaa. Lakini alikwenda akasimama kati ya Mbugua na watu, na kwa kuwa hakujua kufanya kitu kingine chochote duniani, akaanza kufundisha.

"Nyongesa! Wewe ulisaga hapa lini?"

Nyongesa alishangaa kuulizwa. "Mimi? Juzi."

"Mkala?"

"Tukala."

"Mke wako anaumwa? Watoto wanaumwa?"

"Hapana." Alitazama mtungi wake. "Lakini si pengine kwetu hajaweka."

"Nani mwingine alisaga hapa wiki hii na hajaumwa? Inueni mikono. Inueni, hamuogopi kuua mtu mnaogopa kuinua mkono?"

Mkono mmoja, wa mama mzee. Halafu mwingine. Halafu ikawa mingi, ikainuka kwa aibu, na watu wakaanza kutazamana. Nanyama aliona uso wa Kizito ukibadilika. Kijana alikuwa na akili, hilo ndilo lilikuwa balaa lake; alishaanza kuhesabu.

"Huo unga unamlisha ni wa wapi?" mwalimu akamwuliza.

"Ni yetu. Ya nyumbani. Ile ilibaki."

"Lete."

Aliuchukua mfuko. Kulikuwa na karai la maji pale nje, la kunawia. Akamimina unga ndani, akakoroga kwa mkono, akaungoja utulie. Watu wa mbele waliinama. Maji hayakuwa meupe. Yalikuwa na wekundu hafifu, kama maji ya kwanza ya kuoshea nyama.

"Mbugua husaga," Nanyama alisema. "Mahindi mnaleta wenyewe. Mahindi ya rangi hii yalitoka wapi?"

Kila mtu alikuwa anajua duka lipi, na kila mtu alikuwa anajua nani alikuwa pale siku lilipovunjwa. Kulitaja kulikuwa jambo la kwenda jela. Wanaume ambao dakika moja iliyopita walikuwa tayari kumchoma binadamu mchana kweupe walianza kuchunguza vidole vya miguu yao. Nanyama alijua wangenyamaza hivyo mpaka mmoja wao achoke na kimya, na atakayechoka angerusha kiberiti.

Aliwatazama mmoja mmoja, na macho yake yakamfikia Edah, mama yake Kizito. Alikuwa amekaa chini na leso ya msiba kichwani, akiwa na jiwe ambalo hakuwa amelirusha. Viganja vyake vilikuwa vya rangi ya waridi, rangi imeingia mpaka kwenye mikunjo na chini ya kucha.

Mwalimu alielewa, na akatamani asielewe. Akinyamaza, Mbugua anakufa. Akisema, mama huyu atajua nani alimlisha mtoto wake sumu. Hakuna mahali popote katika vitabu vyake palipokuwa na njia ya tatu. Alimgeukia Mbugua, aliyekuwa akihema kwa kukoroma na unga puani, akamgeukia tena Edah, akachagua aliye hai.

"Mama Kizito," akasema polepole. "Yale mahindi uliyaoshaje?"

Edah alimtazama. Kisha akatazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Niliosha vizuri, mwalimu," alisema. "Niliosha, nikamwaga, nikaosha tena, mpaka maji ikatoka safi. Nikajua ni rangi tu wameweka ya kuzuia wezi. Viola alikuwa analia njaa. Niliosha vizuri."

Jiwe lilimtoka mkononi. Halafu akatoa sauti ambayo sitaijaribu hapa, na mwanamke aliyekuwa karibu naye akaziba masikio.

Umati ulivunjika hapo hapo. Hakuna aliyesema twendeni. Waliondoka wakiwa wameinamisha vichwa, wengine wakitembea haraka, halafu wakikimbia, na kila aliyekimbia alikuwa anakimbilia sufuria yake. Vijana waliomshika Mbugua wakamwachia. Nyongesa aliweka mtungi chini taratibu. Mbugua alianguka kwa mikono yake, akatapika unga na damu, na Nanyama akapiga magoti akimpigapiga mgongo, akisema, "Tema, mzee, tema yote, imekwisha."

Aliamini imekwisha. Miaka yote ya ualimu wake ilisimama juu ya imani hiyo moja, kwamba watu hukosea kwa sababu hawajui, na wakishajua huacha.

Kizito alikuwa bado amesimama. Alikuwa anatazama karai. Kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa anasugua viganja kwenye mchanga, anasugua, anasugua, ngozi inachubuka.

"Si yeye," Kizito akasema.

"Ndiyo, Kizito. Si Mbugua."

"Si mama," akasema. "Madam, si mama. Haiwezi kuwa mama."

Alilitoa panga kwapani. Nanyama aliinua mkono, na panga lilipita juu ya mkono ule bila hata kuugusa, likamwingia Mbugua kati ya shingo na bega. Mzee hakulia. Alisema jambo kwa lugha yake, fupi, kama mtu anayeuliza. Kizito akalinyanyua, akampiga tena mahali pale pale, tena, huku akilia kwa sauti kubwa kama mtoto anayepigwa, mpaka Nyongesa alipomkumbatia kwa nyuma na kumwangusha.

Damu iliingia kwenye karai. Ilichukua muda mfupi sana Mbugua kufa, na Nanyama alikuwa amemshika kichwa. Alihisi hasira ambayo hakuwahi kuijua. Alimchukia Kizito, akamchukia Nyongesa, akachukia kila kidole kilichoinuliwa na kila mdomo uliofungwa. Zaidi alichukia ile sauti yake mwenyewe tulivu, iliyosimama pale ikiuliza maswali.

Askari walifika kutoka Kitale jua likiwa bado kali. Edah alikuwa amevua leso yake ya msiba akamfunika nayo Mbugua uso, akarudi kukaa pale pale. Mkubwa wao, mtu mnene mwenye kuchoka, alizunguka ile maiti akauliza nani amefanya kazi hii.

"Ni hasira ya wananchi, afande," Nyongesa alijibu haraka. "Huyu mzee alikuwa anaweka sumu kwa unga. Hata iko kwa gazeti."

Lilikuwa jibu zuri. Mwaka ule jibu kama hilo lilifunga faili nyingi, na askari alishaanza kukubali kwa kichwa.

"Hapana," Kizito akasema. Alikuwa amekaa ukutani, damu mpaka viwikoni. "Unga yake haikuwa na kitu. Ni mimi nimemkata. Na wakati nilimkata, nilikuwa najua."

Askari aliinama. "Ulikuwa unajua nini?"

"Nilikuwa najua hajafanya."

"Kijana, wewe ni mzima kweli? Na huyo mtoto wenu alikufa na nini? Hiyo sumu ilitoka wapi?"

Kizito hakumtazama mama yake. Alijitahidi sana asimtazame. Tangu aingie kidato cha kwanza hakuwahi kuandika wala kusema jambo ambalo si kweli mbele ya mwalimu wake, na alilisema hili vibaya, kwa kigugumizi.

"Sijui."

Askari aliguna, akanyoosha mgongo, akamgeukia yule mwanamke aliyepiga magoti kwenye unga. "Madam, wewe nasikia ndiye mwalimu wao. Umesoma. Hebu nieleze, huyo mtoto aliuawa na nini?"

Karai lilikuwa limepinduliwa. Edah alikuwa amekaa, viganja vimefichwa kwapani, anangoja.

"Sijui, afande," Nanyama akasema.

Askari akaandika hivyo.